Afande muuaji tunayempigia makofi

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuzungumzie tamthilia. Najua wapo watakaoshangaa ukurasa kama huu kuhangaika na mambo ya televisheni, na wapo watakaotaka kwanza nitoe hukumu kama kutazama ni halali au haramu. Hilo waulizwe wenye elimu yake. Mimi ninachokiangalia hapa ni kile ambacho tamthilia inakifanya ndani ya kichwa cha mtazamaji, kwa sababu kichwa hichohicho ndicho anachotoka nacho kwenda mtaani, kwenda kwenye kura, na pengine siku moja kwenda kutoa ushahidi mahakamani.

Tamthilia yenyewe inaitwa The Shield, ya Marekani. Ilianza kuoneshwa huko kwao Machi 2002 na ikamalizika Novemba 2008 baada ya misimu saba. Huku kwetu haikuhitaji kituo cha televisheni. Ilikuja kwa DVD za kunakili, zile ambazo santuri moja inabeba msimu mzima, na leo inahama kutoka flashi hadi flashi. Ruhuwiko, pembezoni mwa Manispaa ya Songea, ulipo uwanja wa ndege na kambi ya jeshi, wapo vijana wanaoyajua matukio ya tamthilia hii kuliko wanavyoijua ajenda ya mkutano wa mtaa wao. Mhusika mkuu wanamwita afande Vic, kwa heshima kabisa, kana kwamba ni mkuu wa kituo cha jirani.

Ni nani huyu afande Vic? Ni askari mwenye kipara, mwenye mabavu, anayeongoza kikosi maalumu cha kupambana na magenge katika mtaa mmoja wa kubuni wa jiji la Los Angeles. Anapokea fedha kutoka kwa muuza dawa za kulevya ili amlinde dhidi ya wapinzani wake. Anawabambikia watu kesi. Anapiga watuhumiwa mpaka waseme. Yeye na wenzake wanapora mamilioni ya fedha za genge moja na kugawana. Na anaua. Huyu ndiye vijana wetu wanayemshangilia, na tusiwalaumu wao peke yao, kwa sababu mamilioni ya Wamarekani nao walimshangilia, na mwigizaji wake, Michael Chiklis, alipewa tuzo ya Emmy mwaka 2002 kwa kuiigiza nafasi hiyo.

Sasa tujiulize: kwa nini mtu mwovu namna hii apendwe?

Jibu limo katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia. Mtoto wa kike ametekwa. Yupo mtuhumiwa mikononi mwa polisi anayejua alipo, lakini amekaa kimya anawacheka wapelelezi. Wapelelezi waaminifu wanajaribu kwa maneno, wanashindwa, na muda unakwenda. Mkuu wa kituo, Kapteni Aceveda, ambaye anamchukia Vic na anatafuta njia ya kumpeleka mahakamani, anamwita Vic huyohuyo na kumfungulia mlango wa chumba cha mahojiano. Vic anaingia na vifaa vyake vya kupigia. Baada ya muda mtoto anapatikana akiwa hai. Mtazamaji anashusha pumzi. Kisha, katika sehemu hiyohiyo, kabla hata hujasimama kwenda kunywa maji, Vic anamtwanga risasi ya uso askari mwenzake kwa sababu amegundua kwamba askari yule amepandikizwa kikosini ili kumchunguza.

Waandishi wa tamthilia hawakuyaweka mambo haya mawili pamoja kwa bahati mbaya. Ni kama wanamwambia mtazamaji: wewe uliyefurahi aliporuhusiwa kumpiga yule, basi na huyu ni wako pia. Mkono ni uleule. Kwa hili nawasifu, ingawa nina shaka kama watazamaji wengi wanaisikia sauti hiyo. Wengi wanakwenda kwenye sehemu ya pili wakiwa upande wa Vic.

Vijana tunaozungumza nao baada ya swala ya Isha wana hoja yao, na si hoja ya kijinga. Kijana mmoja aliniuliza: "Ustaadhi, angekuwa mtoto wako je?" Ningekuwa mwongo kama ningesema kwamba mzazi katika hali hiyo angetaka kusikia habari za sheria ya ushahidi. Angetaka mwanawe. Lakini ndiyo sababu hakuna jamii yenye akili inayomfanya mwenye uchungu kuwa hakimu wa uchungu wake. Hata kisasi, ambacho Uislamu umempa haki yake mrithi wa aliyeuawa, hakitekelezwi mpaka kadhi akae na asikilize ushahidi. Mwenye kudai anadai. Anayeamua ni mwingine.

Hata hivyo hoja ya yule kijana inahitaji jibu la ndani zaidi, na kwa maoni yangu liko hapa. Katika tamthilia, sisi watazamaji tunajua. Kamera imetuonesha yule mtuhumiwa ni nani na amefanya nini. Hatukuambiwa na jirani mwenye ugomvi naye wa kiwanja, wala na mtoa habari aliyelipwa elfu kumi. Tumejua kama mwandishi anavyojua, yaani bila shaka yoyote. Kwa hiyo kipigo cha Vic kinapomwangukia mtu, kinamwangukia mwenye hatia ambaye hatia yake imekwisha kuthibitishwa na yule aliyemtunga. Ondoa elimu hiyo na tazama kinachobaki: mwanamume mwenye nguvu aliyefungiwa chumbani na mtu aliyefungwa pingu, na hakuna anayejua kama aliyefungwa ndiye.

Kila Mwislamu anayesoma Suratul Kahf siku ya Ijumaa anakutana na jambo hili. Nabii Musa, amani iwe juu yake, anafuatana na yule mja aliyepewa elimu kutoka kwa Mola wake, ambaye tumezoea kumwita Khidri. Khidri anamuua kijana ambaye hajaonekana akifanya kosa, na Musa anapinga kwa ukali. Baadaye anaelezwa sababu. Wengi tunakisoma kisa hiki na kutoka na fundisho kwamba Musa hakuwa na subira. Lakini tuangalie pia ni nani aliyekuwa na haki ya kutenda vile. Ni aliyefunuliwa ghaibu, na mwenyewe anasema hakulifanya lile kwa amri yake. Musa, ambaye ndiye aliyeletewa sheria, alisimama pale ambapo mwanadamu mwenye sheria anapaswa kusimama: umemuua mtu bila ya yeye kuua mtu? Tamthilia ya polisi inamkalisha mtazamaji wa Ruhuwiko kwenye kiti cha Khidri kwa dakika arobaini na tano. Tatizo ni kwamba televisheni ikizimwa, anasahau kushuka.

Na si watazamaji tu. Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume, rehema na amani zimshukie, alimuua vitani mtu aliyekuwa ametamka shahada, akidhani ametamka kwa kuogopa upanga. Mtume alimkemea kemeo ambalo Usama hakulisahau maisha yake yote, akimuuliza kama alikuwa ameupasua moyo wa yule mtu hata akajua kilichomo. Dhana ya Usama pengine ilikuwa na mashiko. Haikuwa elimu.

Turudi Los Angeles, maana The Shield haikutoka hewani. Iliokotwa katika kashfa ya kweli ya kituo cha polisi cha Rampart, jijini humo, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kulikuwa na kikosi maalumu cha kupambana na magenge. Askari wake mmoja, Rafael Perez, alikamatwa mwaka 1998 kwa kuiba kokeini iliyohifadhiwa na polisi kama kielelezo, na mwaka uliofuata akaanza kusema yote. Alisimulia jinsi yeye na mwenzake walivyompiga risasi kijana mhamiaji asiye na silaha mwaka 1996, wakambambikia bunduki, wakasimama kizimbani na kumshuhudia uongo. Kijana yule, akiwa amepooza, alihukumiwa kifungo cha miaka 23. Aliachiwa mwaka 1999. Hukumu zaidi ya 100 zilifutwa kwa sababu ya kashfa hiyo, na jiji lililipa fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Sasa fikiria: katika miaka ile kabla Perez hajafungua mdomo, wakazi wa Los Angeles waliokuwa wakiyaogopa magenge walimwonaje? Walimwona kama askari hodari anayesafisha mitaa.

Huku kwetu tunayo yetu, na wala hatuhitaji flashi ili kuyaona.

Mkoa wetu wa Ruvuma ni mkoa wa vito. Tangu madini ya Tunduru yalipovuma katika miaka ya 1990, wafanyabiashara wa mawe wanapita Songea na mifuko yao midogo, wakilala kwenye nyumba za wageni na kubeba fedha taslimu. Watu wa namna hiyohiyo, watatu, walitoka Mahenge, mkoa wa Morogoro, wakaenda Dar es Salaam. Januari 14, 2006 wao pamoja na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba walikamatwa na polisi, na usiku huo wote wanne waliuawa kwa risasi katika msitu wa Pande. Taarifa iliyotolewa ilikuwa ile ambayo kila mmoja wetu ameizoea: majambazi wameuawa katika majibizano ya risasi na polisi.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Ulikuwa mwanzo wa serikali ya awamu ya nne, na kulikuwa na wimbi la ujambazi wa kutumia silaha jijini. Watu walikuwa na hofu ya kweli. Habari ya majambazi wanne kuuawa ilikuwa ni habari njema, na iliposomwa redioni watu walisema afadhali. Hakuna aliyeuliza walikuwa akina nani. Kama ndugu wa marehemu wasingepaza sauti, na kama Rais Jakaya Kikwete asingeunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, wale wanne wangezikwa kama majambazi, na watoto wao wangekua wakiitwa watoto wa majambazi.

Kesi ilikwenda mahakamani, na mshtakiwa wa kwanza alikuwa Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam. Agosti 2009 Jaji Salum Massati aliwaachia huru yeye na wenzake wote, akieleza kwamba waliofyatua risasi hawakuwa mbele yake. Askari aliyetajwa kuwa ndiye muuaji alikuwa ametoroka. Serikali ikakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, ikamhukumu kunyongwa, na kumwacha Zombe huru. Miaka kumi na miezi minane kwa kesi iliyoanza na tangazo la sentensi moja.

Nasisitiza hili la Zombe kuachiwa, kwa sababu mitaani jina lake limekwisha kugeuzwa kuwa msemo, na wapo wanaomtaja kama muuaji huku mahakama mbili zimesema hakuthibitika. Ajabu ni kwamba wanaofanya hivyo ndio wanaolalamika kwamba polisi wanawahukumu watu bila ushahidi. Kiti cha Khidri ni kitamu, na hakimtambui anayekikalia.

Miaka kumi na sita baadaye jambo likatokea jirani zaidi nasi, Mtwara. Kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea alipekuliwa na polisi, na fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 33, zikachukuliwa. Alipozifuatilia, Januari 2022, aliuawa na mwili wake ukatupwa. Rais Samia Suluhu Hassan alilisemea hadharani jambo hilo, akahoji inakuwaje jeshi la polisi lijichunguze lenyewe. Maofisa saba wakashtakiwa. Juni 2025 Mahakama Kuu Mtwara iliwahukumu wawili kunyongwa, mmoja akiwa aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, na kuwaachia watano.

Mtu alikwenda kuulizia fedha yake. Hakuna genge hapo, hakuna mtoto aliyetekwa, hakuna saa inayokimbia. Watetezi wa afande Vic waliambie hilo nalo: ujasiri wa kuvunja sheria kwa ajili ya mtoto, ukishazoeleka, unaishia kwenye milioni 33. Tamthilia yenyewe inakiri, maana baada ya muda kikosi cha Vic kinatumia muda mwingi zaidi kuficha wizi wake kuliko kukamata wezi.

Lakini naomba tusiwe wepesi. Ipo sababu ya watu kumtamani afande wa namna hii, nayo ni kwamba afande wa kawaida mara nyingi hayupo. Sisi wa Songea tunalijua hili. Februari 2012 mji huu ulikumbwa na mauaji ya mfululizo, watu wakiokotwa wameuawa, na hofu ikawa kubwa kiasi kwamba giza likiingia milango inafungwa. Wananchi waliona hawasikilizwi. Februari 22 waliandamana, wakiwamo vijana wengi wa bodaboda, kwenda kudai ulinzi. Walioomba kulindwa walipigwa mabomu ya machozi na risasi za moto, na watu wakapoteza maisha. Katika mji uliopitia hayo, ukimwambia kijana asubiri sheria ichukue mkondo wake, atakuuliza ni mkondo upi. Ama atamtaka Vic, ama ataokota jiwe na kujiunga na wale ambao magazeti yanawaita wananchi wenye hasira kali. Na hao nao hawana kamera. Mwizi, mwizi, na tairi linawashwa kabla hajaulizwa jina.

Kwa hiyo sisemi kwamba watu wanampenda askari mwovu kwa kuwa wao ni waovu. Nasema wanamkodi. Kama Kapteni Aceveda, ambaye kwa mtazamo wangu ndiye mtu wa kutisha zaidi katika tamthilia nzima. Hapokei mlungula. Ana elimu, anavaa suti safi, anaota siasa, na anaijua sheria. Anachofanya ni kufungua mlango na kusubiri nje.

Wangapi tumo humo? Tuseme mtu amemkopesha mwenzake laki tano na halipwi. Mahakama ya mwanzo ipo, lakini anaiona ndefu. Anamjua afande mmoja. Anampigia simu siku ya Ijumaa mchana, na mdaiwa anakamatwa jioni, maana wanajua fika kwamba akiingia lokapu Ijumaa jioni hakuna wa kumdhamini wala wa kumfikisha mahakamani mpaka Jumatatu. Siku tatu sakafuni, ndoo moja kwa watu ishirini. Jumapili ndugu zake wanauza mbuzi na deni linalipwa, na afande anapata chake. Yule mdai yupo msikitini safu ya mbele, na anasimulia jambo hilo kama mtu aliyepata haki yake. Pengine alikuwa akidai kweli. Lakini amemfundisha askari yule kwamba lokapu ni ya kukodisha, na mpangaji wa kesho anaweza kuwa mbaya wake. Julai 2019 Rais John Magufuli alipoketi na kuwasikiliza wafungwa na mahabusu wa gereza la Butimba, Mwanza, miongoni mwa vilio alivyovisikia ni cha kubambikiwa kesi. Kesi ya kubambikiwa ina mbambikaji mwenye sare, na mara nyingi nyuma yake yupo raia aliyepiga simu.

Waandishi wa The Shield walimpa Vic mwisho ambao watazamaji wengi hawakuupenda. Hauawi, hafungwi. Anaingia mkataba wa kutoshtakiwa na idara ya serikali kuu, na akishautia saini anakaa mbele ya kinasa sauti na kukiri kila alichofanya kwa miaka ile, na mwanamke aliyempa mkataba anasikiliza akiwa hana la kufanya. Rafiki yake mwaminifu anakamatwa kwa makosa ya wote. Mwingine amekwisha kumuua mkewe na mtoto wake, kisha akajiua. Vic anabaki na meza ya ofisi, suti, na kazi ya kuandika taarifa. Vijana wa Ruhuwiko wanabishana kama hiyo ni adhabu. Wapo wanaosema amewashinda wote. Nadhani mabishano hayo yana manufaa kuliko misimu sita iliyotangulia, kwa sababu hapo ndipo kwa mara ya kwanza wanamtazama bila kumsaidia.

Ila kuna mtu mmoja ambaye mabishano yao hayamgusi kabisa. Nimetaja kwamba katika msitu wa Pande aliuawa pia dereva wa teksi. Juni 2016 nchini Kenya, wakili Willie Kimani alitekwa alipotoka mahakamani Mavoko na mteja wake, ambaye alikuwa amemlalamikia askari aliyempiga risasi. Wote wawili waliuawa, na Julai 2022 askari watatu na mtoa habari wao walitiwa hatiani. Aliuawa pia, pamoja nao, dereva wa teksi iliyowabeba. Nchi mbili, miaka kumi kati yake, na kila mara yumo mtu ambaye hakuwa mshukiwa wala mlalamikaji. Alikuwa kazini. Amemchukua abiria, amekubaliana nauli, na ameona asichotakiwa kuona.

Katika tamthilia mtu huyo hapewi hata jina. Anaonekana kwa sekunde mbili, kioo kinavunjika, na kisa kinaendelea na wakubwa. Mtazamaji hamkumbuki kwa kuwa tangu mwanzo alikwisha kujiweka kwenye nafasi ya Vic, mwenye bunduki na mwenye kujua. Vijana wanaokaa kwenye benchi pale njia ya uwanja wa ndege wakipitisha flashi ya msimu wa pili, wengi wao ni madereva wa bodaboda. Usiku wanabeba watu wasiowajua, wakiwamo wenye mifuko midogo wanaotoka Tunduru.